Wewe si stendi ya pikipiki!

Hebu jibu swali hili kwa ukweli. Ni jioni, umetoka shule na sare bado iko mwilini. Kaka yako ameingiza pikipiki uani, tairi la nyuma limekaa chini. Pancha. Anachukua spana, anaiegemeza pikipiki kwenye kreti la soda, kisha anakuita: "We, njoo ushike hapa. Dakika mbili tu." Je, utafanya nini?

Kama wewe ni kama vijana wengi ninaokutana nao Karagwe na Kyerwa, utaweka daftari chini, utashika. Utashika keria kwa mikono miwili, utapanua miguu, na kaka ataanza kugonga ekseli, yaani ule mtaimbo mwembamba unaopita katikati ya gurudumu. Hapo tayari umegeuzwa stendi, na hakuna aliyekuuliza kama unataka.

Nina sababu ya kuandika juu ya hizo dakika mbili. Siku moja mimi ndiye niliyesema "shika hapa".

Ilikuwa wakati wa masika. Nilikuwa natoka Nkwenda kurudi Kayanga baada ya semina ya wanafunzi, nikiendesha pikipiki ya ofisi. Njiani nikapata pancha ya nyuma. Nikasukuma mpaka kwenye mji wa jirani, mama mwenye nyumba akanikaribisha, na vijana wakatoka kutazama, maana dada anayefungua gurudumu mwenyewe ni sinema ya bure. Pikipiki yetu ni ya aina ya kupanda milima: imeinuka juu, ina stendi ndogo ya pembeni tu. Nikaomba kitu cha kuegemezea, nikaletewa kreti. Kijana mmoja wa kidato cha pili akajitolea kushika. Nikamwambia, "Shika hapo tu, mdogo wangu, usiachie."

Sikutazama kreti limekaa juu ya nini. Lilikuwa limekaa pembeni mwa kibanja, kwenye udongo mweusi laini uliokunywa mvua siku tatu. Gurudumu lilipotoka, uzito wote ukahamia kwenye kreti, kona moja ikazama, pikipiki ikamlalia yule kijana. Naye akafanya kile ambacho mtoto aliyelelewa vizuri angefanya: akajaribu kuokoa mali ya mgeni. Hakuachia, kwa sababu mimi nilimwambia asiachie. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kilibanwa kati ya chuma cha kukanyagia na ukingo wa kreti.

Ncha ya kidole ilipondeka. Tulimpeleka zahanati kwa bodaboda ya jirani, akashonwa, akachomwa sindano ya kuzuia pepopunda. Kilipona, lakini kucha imeota imepinda, na mitihani ya muhula ule aliiandika akishika kalamu kwa kidole gumba na cha kati. Mama yake hakunilaumu hata kwa neno moja. Niliporudi kumjulia hali alinifungia mkungu wa ndizi nyuma ya pikipiki. Hapo ndipo iliponiuma zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa nimetoka kufundisha afya ya vijana!

Basi tangu siku ile nimewasumbua mafundi wengi kwa maswali, nami nakupa hapa nilichojifunza.

KWA NINI PIKIPIKI HUANGUKA

Pikipiki za bodaboda tunazoziona huku kwetu, Boxer na TVS na wenzao, zina uzito wa kilo 100 na ushee. Hapo hujaweka abiria, wala dumu, wala ndizi. Fikiria gunia zima la mahindi. Je, ungekubali kusimama chini ya gunia la mahindi lililoegemezwa kwenye kreti, ukaambiwa ulizuie kwa mikono? Hapana. Lakini pikipiki kwa kuwa ina magurudumu na huwa tunaisukuma kwa mkono mmoja, tunadhani ni nyepesi. Ikiwa imesimama wima inajibeba yenyewe. Ikishaanza kulala, kila inavyoinama ndivyo uzito unavyokuja kwako, na ikifika nusu hakuna mwanafunzi wa kidato cha pili wa kuizuia.

Sasa chukua kigoda cha miguu mitatu. Kwa nini hakianguki? Kwa sababu ukichora mistari chini kuunganisha miguu yake unapata pembetatu, na uzito wa aliyekikalia unashuka ndani ya pembetatu hiyo. Uzito ukitoka nje ya mistari, kigoda kinapinduka. Ni fizikia ileile unayosoma darasani.

Pikipiki iliyowekwa kwenye stendi kubwa, ile ya miguu miwili iliyo katikati, nayo ina pembetatu yake. Miguu miwili ni ya stendi, wa tatu ni gurudumu. Pikipiki nyingi za bodaboda ukiziweka hivyo huegemea mbele: gurudumu la mbele liko chini, la nyuma linaning'inia. Kwa hiyo ukitoa gurudumu la nyuma pembetatu haijaguswa. Bado una miguu yako mitatu. Lakini ukitoa gurudumu la mbele umekata mguu wa kigoda! Injini nzito iko mbele ya stendi, basi pikipiki inapiga pua chini kama ng'ombe anayekunywa maji.

Ndiyo maana kutoa gurudumu la mbele ni kazi nyingine kabisa na kutoa la nyuma, na kutoa yote mawili kwa pamoja nyumbani ni kutafuta balaa. Kama matairi yote mawili yana kasoro, toa moja, liweke sawa, lirudishe, kisha nenda kwa jingine. Utachelewa nusu saa, basi.

VITU TUNAVYOVIEGEMEZA

Nimepita miji mingi nikitazama watu wanaweka nini chini ya pikipiki. Ningeweza kuandika kitabu.

Kreti la soda ndilo linaloongoza. Kreti limetengenezwa kubeba chupa, na makreti hupangwa juu ya mengine kwa kukaliana kwenye kuta zake. Kitako chake ni wavu mwembamba wa plastiki. Ukiligeuza juu chini na kuweka chuma cha pikipiki katikati ya huo wavu, unapasuka, tena unapasuka ghafla. Na kwenye udongo laini linazama upande mmoja, kama lilivyonifanyia mimi.

Tofali bichi husagika. Tofali la kuchoma linaonekana gumu lakini likibanwa na chuma mahali padogo linaweza kupasuka vipande viwili. Jiwe la mviringo linabingirika. Kipande cha mgomba, ambacho huku Kagera tunakifanyia kila kitu, ni laini, kina maji na kinateleza. Kifae kuvingirishia mizigo, si kubeba injini. Jeki ya gari ni nzuri kwa kuinua, ila kichwa chake ni kidogo, na bomba la fremu ya pikipiki likikaa juu yake linaweza kuteleza. Inua kwa jeki, halafu weka gogo, halafu uzito ukalie gogo.

Wengine huning'iniza pikipiki kwa kamba mtini. Hii si mbaya kama msaada wa ziada, endapo kamba ni imara na imefungwa kwenye shingo ya fremu, si kwenye kioo wala kwenye mkono wa breki. Ila angalia mti wenyewe. Mparachichi una matunda matamu na matawi mepesi kukatika. Boriti za nyumba ya udongo nazo usizijaribu, usije ukashusha bati pamoja na pikipiki.

Na wapo wanaoilaza tu chini ubavu, "tumalize haraka". Petroli huvuja kwenye mfuniko wa tenki, na betri za zamani zenye maji humwaga tindikali. Usiilaze.

Kitu kizuri kuliko vyote hakina gharama kubwa. Mwombe seremala akupigilie kisanduku cha mbao nene, mkaratusi au msonobari, chenye kitako kipana kuliko juu, walau mara mbili. Kimo chake upime kwenye pikipiki yenu yenyewe: kiwe kirefu kidogo tu kupita nafasi iliyopo kati ya ardhi na tumbo la pikipiki gurudumu likiwa chini. Mabaki ya mbao yanatosha. Kaka yako atacheka siku ya kwanza. Mwezi wa pili majirani watakuja kukiazima.

HAYA, TUFUNGUE GURUDUMU LA NYUMA

Kwanza mahali. Tafuta sakafu ya saruji au uwanja uliofagiliwa na kukanyagwa ukawa mgumu, usio na mteremko. Milima yetu mnaijua: ua wa nyumba nyingi Karagwe umeinama hata kama macho hayaoni. Weka chupa chini ubavu, ikibingirika, hama. Kama uwanja ni wa udongo, tandika ubao mpana chini ya miguu yote miwili ya stendi. Ubao mmoja, si vipande viwili, maana vipande viwili vitazama tofauti.

Shusha mzigo wote kwenye keria. Zima injini, toa ufunguo, mfukoni. Usiuache kwenye swichi, kwa sababu nyumba ina watoto. Funga koki ya mafuta kama pikipiki inayo. Halafu subiri bomba la moshi lipoe, nusu saa hivi. Mguu wa mtoto ukigusa bomba la moto, ngozi inabaki pale.

Sasa siri ambayo mafundi wazuri wanaijua na wengi wetu hatuijui. Ile nati kubwa ya ekseli, ilegeze kabla hujaipandisha pikipiki kwenye stendi. Nati hiyo imekazwa sana, wakati mwingine ina kutu, na ili iachie unavuta spana kwa mwili mzima. Ukivuta hivyo pikipiki ikiwa juu ya stendi, unaitikisa mpaka inashuka. Basi ilegeze robo mzunguko magurudumu yote mawili yakiwa chini na mtu ameshika breki, halafu ndipo uipandishe. Nati nyingine utazimalizia kwa utulivu. Na ukumbuke stendi kubwa hukunjika pikipiki inapokwenda mbele. Kwa hiyo nguvu yako iwe ya kushuka chini au kurudi nyuma, kamwe isiwe ya kusukuma mbele.

Ikishakuwa juu, gurudumu la mbele lazima ulizuie. Chukua mpira wa tyubu kuukuu, ufunge mkono wa breki ya mbele ukiwa umebanwa, kama vile dereva ameushika. Weka jiwe bapa au kipande cha mti mbele ya tairi na kingine nyuma yake. Kuweka gia hakusaidii kitu hapa. Gia inazuia gurudumu la nyuma tu, nalo ndilo unalolitoa.

Mwisho weka kile kisanduku chini ya fremu, karibu na stendi, kikiwa kimegusa kidogo tu. Hicho hakibebi. Kinangoja. Siku stendi ikiteleza, pikipiki itakalia kisanduku badala ya mguu wa mtu.

Kabla hujatoa ekseli, itikise pikipiki kwa upole ukiwa umesimama pembeni. Ikicheza, rudi mwanzo. Haijacheza? Endelea, na usiingize mguu wala goti chini yake hata kwa sekunde.

LA MBELE, NA ZILE ZISIZO NA STENDI KUBWA

Ukitaka kutoa la mbele, kisanduku ndicho kinachobeba, pamoja na stendi. Ila kikae wapi? Chini ya pikipiki kuna bomba la moshi ambalo litabonyea, na kuna nati ya kumwagia oili ambayo ikipinda imekula kwenu. Tafuta bomba kuu la fremu, au sehemu iliyo bapa ya tumbo la injini, na uweke ubao katikati ili uzito usambae. Mtu mmoja anakandamiza keria kwa nyuma mpaka gurudumu la mbele linyanyuke, mwingine anasogeza kisanduku kwa kipande cha mti, si kwa mkono. Gurudumu la nyuma sasa liko chini: hapa ndipo unapoweka gia ya kwanza, na mawe mbele na nyuma ya tairi.

Pikipiki zile ndefu za kupanda milima, ambazo wauguzi na mabwana shamba wengi huzitumia, hazina stendi kubwa. Stendi ya pembeni ni mguu mmoja tu. Usitoe gurudumu lolote ukiitegemea hiyo. Pikipiki yake ikalie kisanduku chenyewe, chini ya fremu, na muwe watu wawili wakati wa kuipandisha. Kama hamna kisanduku, toeni aibu, isukumeni mpaka kwa fundi.

Kitu kimoja zaidi, hata kama hutoi gurudumu. Usisafishe wala kupaka mnyororo oili injini ikiwa inaunguruma na gurudumu linazunguka. Kitambaa kikinaswa, kidole kinafuata, na meno ya mnyororo hukata kidole kabla hujapiga kelele. Zima injini, zungusha gurudumu kwa mkono. Watoto wadogo wanapenda sana kuona gurudumu likizunguka angani, wawekeni mbali.

"KAKA, NGOJA NILETE GOGO"

Najua unachofikiria. Dada, haya yote ni mazuri, lakini mimi si mwenye pikipiki. Pikipiki ni ya kaka, au ya baba, au ya mjomba, na mimi nimeitwa kushika. Nitamwambia mkubwa wangu sitaki?

Swali zuri, na ndilo zito kuliko yote. Huku kwetu mtoto akiitwa huenda. Tena ile pikipiki ndiyo inayolipa daftari zako. Ndiyo inayobeba kahawa hadi chamani na kumpeleka mama mjamzito hospitali ya Nyakahanga au ya Isingiro usiku. Lenyewe jina bodaboda lilitokana na vijana wa mpaka wa Kenya na Uganda waliovusha watu kwa baiskeli, boda hadi boda, tangu miaka ya 1960, na vijana wetu wa Murongo wanajua maana ya kazi hiyo. Kuikatalia pikipiki inaonekana ni kuikatalia nyumba.

Basi usikatae kazi. Badilisha kazi. Tazama hawa:

"We, shika hapa."

"Naam kaka, nakuja. Ngoja nilete ubao tuweke chini, udongo umelowa."

"Hakuna haja, dakika mbili tu."

"Ni pale nyuma ya jiko, nimeshafika. Halafu nikufungie breki ya mbele kwa mpira, nikuwashie na tochi. Nikishika mimi mikono itachoka, ikikuangukia utapoteza kesho nzima kazini."

Umeona? Hajasema "sitaki". Amejipa kazi ya kuleta ubao, kufunga breki na kuwasha tochi. Amemgusa kaka pale anapojali, kesho yake ya kazi. Na wakati anayasema hayo, tayari anatembea. Mtu anayetembea ni vigumu kumkatalia.

Ukishindwa kabisa, na ukalazimika kushika, basi jua hili: simama upande ambao pikipiki haiegemei, weka kiganja wazi juu ya kiti, usiingize vidole kwenye vyuma. Viatu miguuni, si kandambili. Na ikianza kuanguka, IACHE. Ruka nyuma. Kioo kitavunjika, taa ya kona itavunjika, kaka atafoka. Vyote hivyo vinauzwa dukani Omurushaka. Kidole hakiuzwi.

PETROLI NA KIBATARI

Kazi hii mara nyingi hufanyika usiku, dereva akisharudi. Usitumie kibatari wala mshumaa. Usifanyie karibu na mafiga. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni kama maji usiyoyaona, unafika jikoni kabla harufu haijakufikia. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka. Walikufa watu zaidi ya 100, na madereva wa bodaboda walikuwa miongoni mwao. Tenki lenu ni dogo, lakini petroli ni ileile. Tumia tochi au taa ya simu.

Mtu akivuta petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira na akaimeza, usimtapishe. Narudia, usimtapishe, wala usimpe maziwa. Anapotapika petroli huingia kwenye mapafu, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Mwache akae wima, mpeleke kituo cha afya.

IKITOKEA BAHATI MBAYA

Pikipiki ikimlalia mtu, usimvute yeye. Zimeni injini, inueni pikipiki watu wawili au watatu, mwingine ndiye amtoe. Kama mguu umepinda au hawezi kuukanyaga, usiunyooshe. Ufunge ulivyo pamoja na vijiti viwili vilivyonyooka na nguo laini katikati, kisha apelekwe. Mfupa ukiwa umetokeza nje, funika kwa kitambaa safi tu. Majeraha kama hayo mara nyingine yanaishia rufaa ya Bugando, Mwanza, na hiyo ni safari ndefu kwa mgonjwa na kwa mfuko wa nyumba.

Kidole kikinaswa kwenye mnyororo, usikichomoe kwa nguvu. Zungusha gurudumu kinyumenyume kwa mkono mpaka kiachie. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu. Kama kipande kimekatika, kivingirishe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, tia kwenye mfuko safi wa nailoni, uende nacho pamoja na mgonjwa. Usikiweke moja kwa moja kwenye barafu.

Aliyeungua kwa bomba la moshi: maji safi ya baridi yatiririke juu ya kidonda kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si utomvu wa mgomba, si mafuta ya kupikia, si yai.

Na kila jeraha lililoingia udongo au kutu, hata likiwa dogo, liosheni kwa sabuni na maji mengi, kisha uulize zahanati kuhusu chanjo ya pepopunda. Wavulana hasa, maana wasichana wengi huja kuipata tena wakiwa wajawazito, lakini mvulana aliyechanjwa utotoni huenda hajakumbuka tena.

MASWALI MLIYOUNIULIZA KWENYE SEMINA

Fundi wetu anafungua gurudumu akiwa ameegemeza kwenye gogo tu, miaka kumi, hajawahi kuumia. Kwa nini sisi tujisumbue?

Fundi wako anajua gogo lake. Amelichonga kichwa likawa bapa, analiweka palepale kila siku, kwenye sakafu ileile yenye oili. Muulize akuonyeshe. Halafu mtazame vidole vyake, uvihesabu.

Baada ya kurudisha gurudumu, naweza kuendesha moja kwa moja?

Hapana. Kaza nati ya ekseli pikipiki ikiwa imeshashuka chini, rudisha pini yake. Hakikisha umefunga kile chuma kinachozuia ngoma ya breki isizunguke. Wengi hukisahau, na breki ya kwanza inapiga kufuli gurudumu. Mnyororo uchezecheze juu na chini kama sentimita 2 hadi 3. Kisha isukume kwa miguu uani, ukanyage breki mara tatu. Ikishika, ndipo uwashe. Na kama aliyefunga amekunywa rubisi, isiwashwe mpaka kesho aikague tena.

Je, kupandisha pikipiki kwenye stendi kubwa si kazi ya wavulana?

Mimi nina kilo 52 na naipandisha. Wanaoshindwa ni wale wanaoinyanyua kwa mikono, na hao ndio wanaoumia mgongo. Simama upande wa kushoto. Mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye chuma cha nyuma ya kiti. Kwa mguu wa kulia shusha stendi mpaka usikie miguu yake yote miwili imegusa chini kwa pamoja. Sasa usivute. Panda juu ya ile kanyagio ya stendi kama unapanda ngazi, kwa uzito wako wote, mkono wa kulia ukiongoza tu kwenda nyuma. Itapanda yenyewe.